Jinsi ya kujua mwenyewe Marekani ilihusika kiasi gani kwenye mapinduzi ya nchi fulani

Wakuu, hii mada kila ikiibuka watu wanagawanyika palepale. Huku wanasema kila serikali iliyowahi kuanguka duniani ni CIA, kule wanasema hizo ni stori za vijiweni, na ukiuliza nani amefungua hata karatasi moja unakuta hakuna. Mimi inaniuma kwa sababu karatasi zipo, tena nyingi zimeandikwa na Wamarekani wenyewe wakiwa kazini, ziko mtandaoni bure, na zinawahusu watu kama Lumumba na Nkrumah ambao majina yao hayatutoki mdomoni. Nimekaa nazo usiku mwingi, simu mkononi na kamusi pembeni, kwa hiyo ngoja niweke hapa namna ninavyofanya ili na wewe uchimbe mwenyewe, usinitegemee mimi wala jamaa wa YouTube.

Kitu cha kwanza kabisa, badilisha swali. "Marekani ilihusika?" ni swali bovu, taifa kubwa vile lina mkono karibu kila mahali kwa hiyo utajibiwa ndio na bado hujajua kitu. Tafuta kitenzi. Ilitamani? Ilijua? Ilibana uchumi? Ilitoa hela? Ilipanga? Iliendesha yenyewe? Hivyo ni vitu sita tofauti na kila kimoja kinadai ushahidi wake. Chukua daftari, juu andika jina la nchi na tarehe serikali ilipoanguka, chini andika hivyo vitenzi kila kimoja na mstari wake, halafu usijaze mstari wowote mpaka uwe na karatasi yenye tarehe. Kuna mistari itabaki mitupu, iache mitupu hivyohivyo.

Anza na kesi ambayo haina ubishi ili ujue ushahidi uliokamilika unafananaje, na hapo hakuna kama Iran 1953. Mosaddegh alikuwa waziri mkuu, mafuta yalitaifishwa 1951 kutoka kwa kampuni ya Waingereza, na Agosti 1953 CIA na Waingereza wakaendesha mpango uliopewa jina la TPAJAX. Jaribio la kwanza usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 lilifeli, mfalme wao, Shah, akakimbilia Baghdad kisha Roma, makao makuu ya CIA tarehe 18 yakatuma telegramu kwamba mpango umejaribiwa umeshindwa tuachane nao, na kesho yake tarehe 19 Mosaddegh akaanguka. Hapo mistari yote sita inajaa. Ila angalia ukweli wenyewe ulivyochukua muda kutoka. Mwaka 1989 Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilitoa kitabu rasmi cha nyaraka za Iran za miaka ile na ndani yake CIA haipo, kana kwamba serikali ilijiangukia yenyewe. Wanahistoria wao wenyewe walikuja juu mpaka mwaka 1991 ikapitishwa sheria kwamba rekodi hizo lazima ziwe kamili na zitolewe ndani ya miaka 30. Mwaka 2013 ndo ikatolewa historia ya ndani ya CIA ikiwa na ile sentensi waliyokuwa wakiificha, kwamba mapinduzi ya kijeshi yalifanywa chini ya uongozi wa CIA kama tendo la sera ya nje ya Marekani. Kitabu rasmi kilichorekebishwa kikaja Juni 2017, yani miaka 64 baada ya tukio, na faili nyingi za operesheni yenyewe zilikuwa zimeshachomwa zamani, miaka ya sitini mwanzoni. Kwa hiyo mtu akikwambia "hakuna rekodi" muulize hakuna kwa sababu halikufanyika, au halijafunguliwa, au lilichomwa.

Sasa wapi pa kuchimba. Mlango wangu wa kwanza siku zote ni history.state.gov, hapo ndo kuna ule mfululizo unaitwa Foreign Relations of the United States, watu wanaufupisha FRUS, umeanza mwaka 1861 na mpaka leo unatoka. Nenda kwenye orodha ya marais, chagua aliyekuwepo madarakani wakati wa tukio lako, kisha tafuta kitabu cha eneo hilo. Kongo 1960 mpaka 1968 ina kitabu chake peke yake, kilitoka 2013. Guatemala ina chake cha nyongeza cha 2003. Faida yake ni kwamba imeshachapwa upya, unaisoma kwenye simu bila kuvuta picha ya karatasi iliyofifia, na sachi yake inafanya kazi. Mlango wa pili ni chumba cha kusomea cha CIA kwenye tovuti yao, kurasa milioni 12 na ushee ziliwekwa mtandaoni Januari 2017, kabla ya hapo ilibidi usafiri mpaka Maryland ukae kwenye kompyuta zao. Pale ni msitu, usiingie bila jina na mwezi. Wa tatu ni National Security Archive, hawa sio serikali, ni taasisi iliyoanzishwa 1985, iko chuo kikuu cha George Washington, kazi yao ni kudai nyaraka na kuzipanga kwa mada, na maelezo yao ya mwanzo yanakuokolea wiki nzima. Na usisahau ripoti za Kamati ya Church, ile ya Seneti ya 1975 na 1976. Ile ya Novemba 1975 inahusu njama za kuua viongozi, Lumumba yumo, Castro, Trujillo wa Jamhuri ya Dominika, Diem wa Vietnam Kusini na Jenerali Schneider wa Chile. Hawa maseneta waliwaita majasusi wakawahoji kwa kiapo, na unaweza kuyasoma majibu yao mwenyewe.

Ukiifungua karatasi usikimbilie katikati. Anza na tanbihi ya kwanza chini, wengi wanairuka na ndo yenye nyama: imetoka sanduku gani, daraja gani la siri, nani aliandika rasimu, nani aliidhinisha, nakala ilienda kwa nani. Afisa wa ngazi ya chini kuota ndoto zake kwenye karatasi ni kitu kimoja, karatasi iliyopita mezani kwa rais ni kitu kingine. Halafu tarehe na saa. Telegramu ikiandikwa 1900Z ni saa moja usiku ya Greenwich, Leopoldville (Kinshasa ya leo) ilikuwa saa mbili usiku, kwetu Afrika Mashariki saa nne. Inaonekana kitu kidogo lakini mapinduzi ni mchezo wa masaa, nimeshaona mtu anajenga hoja nzima kwamba Washington ilitoa amri kabla ya tukio kumbe ukibadilisha saa ni telegramu ya kuripoti tukio lililokwishatokea.

Tufanye zoezi na Kongo maana hii inatuhusu na inauma. Uhuru 30 Juni 1960. Tarehe 26 Agosti, hata miezi miwili haijaisha, mkurugenzi wa CIA Allen Dulles anamtumia telegramu mkuu wa kituo chake Leopoldville, Larry Devlin. Ndani yake anasema kwenye ngazi za juu huku wamefikia hitimisho kwamba Lumumba akibaki madarakani mwisho wake ni vurugu au kuwafungulia njia wakomunisti, kwa hiyo kuondolewa kwake kuwe lengo la haraka na la kwanza, na anamruhusu Devlin kutumia mpaka dola 100,000 kwa uamuzi wake. Soma tena neno hilo, kuondolewa. Kuondolewa ofisini au kuondolewa duniani? Kwenye Kiswahili lina utata uleule lililonao kwenye Kiingereza chao, na sio bahati mbaya, wakubwa hawa walikuwa wanaandika hivyo makusudi ili rais asishikike. Sera hiyo ya kuweza kukana iliandikwa rasmi kwenye maagizo ya Baraza la Usalama la Taifa tangu 1948. Kwa hiyo wewe kazi yako ni kutafuta karatasi inayofuata, maana neno moja peke yake halifungi kesi. Na inayofuata ipo: Septemba mkemia wa CIA, Sidney Gottlieb, anatua Leopoldville na sumu ya kumuua Lumumba, na telegramu za jambo hilo zinapita njia yake ya pekee yenye jina la kificho PROP. Hapo "kuondolewa" kumeshafasirika.

Ila pia soma kile kisichokuwepo. Kikao cha Baraza la Usalama la Taifa la Marekani cha 18 Agosti 1960 kina kumbukumbu zake, zisome, hazina amri ya kuua. Lakini mwaka 1975 yule aliyekuwa akiandika kumbukumbu zile, Robert Johnson, aliwaambia maseneta kwa kiapo kwamba alimsikia Rais Eisenhower akisema maneno aliyoyaelewa kuwa amri ya kumuua Lumumba, na hayakuandikwa. Wengine waliokuwepo hawakukumbuka hivyo. Kwenye daftari andika yote mawili kwa pamoja, kumbukumbu haina, shahidi anasema, usichague lile unalolipenda.

Na sasa sehemu ngumu kwa sisi tunaompenda Lumumba. Sumu haikutumika. Rais Kasavubu alimfuta kazi tarehe 5 Septemba, Mobutu akachukua nchi tarehe 14, Lumumba akatoroka kizuizini mwisho wa Novemba, akakamatwa, akapelekwa Katanga akauawa usiku wa 17 Januari 1961 pamoja na wenzake Mpolo na Okito, waliofyatua ni askari wa Katanga na maofisa wa Kibelgiji walikuwepo pale. Kamati ya Church haikukuta ushahidi kwamba CIA ilishiriki kwenye mauaji yenyewe. Bunge la Ubelgiji lenyewe lilichunguza na 2001 likakubali kwamba Ubelgiji ina wajibu wa kimaadili. Kwa hiyo daftari lako litasoma hivi: Marekani ilitaka afe, ilipanga afe, ilileta sumu, ilimfadhili Mobutu, na risasi zilikuwa za watu wengine. Mtu akikwambia kueleza hivi ni kuwatetea Wamarekani mwambie hapana, nimewashika kwa lile walilolifanya na hawawezi kuchomoka, ila ukiwasingizia risasi watakukamata kwenye risasi halafu watatupa na sumu pamoja nayo.

Ghana 1966 ni zoezi la kinyume chake, hapa ndo wengi wanateleza. Nkrumah alipinduliwa 24 Februari akiwa safarini kwenda Hanoi kupitia Beijing. Kuna memo ya 27 Mei 1965, miezi tisa kabla, afisa wa White House Robert Komer anamwandikia bosi wake McGeorge Bundy. Anasema huenda tukapata mapinduzi ya kuegemea Magharibi huko Ghana hivi karibuni, maofisa wa jeshi na polisi wanapanga, wapangaji wanatujulisha kila hatua, sisi hatuhusiki moja kwa moja, na hapo anafungua mabano anaandika "nimeambiwa", halafu anaendelea kwamba tumesaidia kuandaa mazingira kwa kupuuza maombi ya Nkrumah ya msaada wa uchumi. Nilipoisoma mara ya kwanza nilisimama kwenye hilo mabano muda mrefu. Mtu anayejua hahitaji kuandika nimeambiwa. Rudi kwenye vitenzi sasa. Ilitamani, ndio. Ilijua, ndio kabisa. Ilibana uchumi, kwa maneno yao wenyewe ndio. Ilipanga na kuendesha? Hiyo karatasi haisemi, na mtu yeyote anayekuletea memo hii kama uthibitisho kwamba CIA iliendesha mapinduzi ya Ghana ameruka mistari miwili. Mstari wa kubana uchumi peke yake ni mzito wa kutosha, serikali inajua njama dhidi ya rais wa nchi huru miezi tisa mapema na inachagua kumnyima pumzi.

Guatemala 1954 siikawizi, nyaraka zake ni nyingi, jina la kificho PBSUCCESS, Rais Árbenz alijiuzulu 27 Juni. Onyo langu ni kwenye sababu tu. Kila mtu anasema ni ndizi, ni United Fruit, na kweli sheria ya ardhi ya 1952 iliwagusa na kampuni ilikuwa na marafiki wakubwa Washington. Lakini sababu sio ushahidi wa tendo. Ukikuta nchi ina mafuta, shaba au ndizi umepata sehemu ya kuanzia kuuliza, jibu bado hujapata.

Chile nayo inakufundisha kutenganisha miaka. Allende alishinda kura 4 Septemba 1970. Tarehe 15 Nixon akamwita mkurugenzi wa CIA Richard Helms, na Helms akaandika kwa mkono wake kwenye karatasi, unaweza kuiona picha yake mtandaoni, mistari mifupimifupi: nafasi labda moja kwa kumi lakini okoa Chile, ubalozi usihusike, dola milioni 10 zipo na zaidi zikihitajika, uchumi upige mayowe, masaa 48 mpango uwe mezani. Tarehe 16 Oktoba makao makuu yanatuma telegramu kituo cha Santiago kwamba ni sera thabiti na inayoendelea Allende apinduliwe. Mkuu wa jeshi Schneider alikuwa anakataa jeshi kuingilia siasa, kukawa na makundi mawili ya kumteka, CIA ililipatia kundi moja bunduki alfajiri ya 22 Oktoba, na masaa machache baadaye aliyempiga Schneider ni lile kundi lingine ambalo nalo CIA walikuwa wameshazungumza nalo. Akafa tarehe 25. Hiyo ni 1970 na vitenzi vinajaa. Ukija 11 Septemba 1973, siku Pinochet anapochukua nchi, anza ukurasa mpya wa daftari. Dola kama milioni 8 zilitumika kwa siri kati ya uchaguzi ule na mapinduzi, gazeti la El Mercurio lililipwa, vyama vya upinzani vililipwa, lakini Kamati ya Church haikupata ushahidi wa Marekani kushiriki moja kwa moja kwenye tendo la siku ile. Watu wanachukua maneno ya Helms ya 1970 wanayabandika kwenye 1973 na hapo hoja inavunjika wakati haikuwa na haja ya kuvunjika.

Utakutana na sehemu zilizozibwa. Kwenye FRUS wanaweka mabano ya mraba na kusema mstari mmoja, au nusu mstari, haujafunguliwa. Usijaze kwa kubuni, pima ukubwa. Nafasi ya neno moja kabla ya "dola" ni kiasi cha hela, nafasi ndogo baada ya "kwa mujibu wa" ni jina la chanzo. Kisha tafuta toleo lingine la karatasi ileile, maana mara nyingi imetolewa mara mbili tatu kwa miaka tofauti na aliyeziba mwaka huu sio yule aliyeziba mwaka ule, anaacha wazi lile mwenzake alilificha. Weka matoleo mawili pembeni kwa pembeni usome mstari kwa mstari. Na majina ya kificho usiyaogope, herufi mbili za mwanzo mara nyingi ni nchi au eneo, TP ilikuwa Iran, WI Kongo, FU Chile. KUBARK ni CIA yenyewe, ODYOKE ni serikali ya Marekani. Ukishajua haya matano sita telegramu inaanza kusomeka.

Karatasi za kughushi nazo zipo, tena zimewahi kutufikia. Novemba 1964 waziri wa mambo ya nje wa Tanzania Oscar Kambona alitangaza hadharani njama ya Marekani na Ureno, ushahidi ni nakala za picha za hati tatu. Ubalozi wa Marekani ukasema ni za kughushi, na Mwalimu Nyerere aliporudi kutoka mapumzikoni Ziwa Manyara akakubali kwamba inawezekana. Kama waziri anaweza kupelekewa hati kama hizo, picha ya karatasi inayozunguka kwenye magrupu unaipimaje? Sheria yangu ni moja, karatasi isiyo na makazi siitumii. Lazima niikute kwenye mkusanyiko unaojulikana, ina namba ya sanduku au namba ya kutolewa, sio picha iliyokatwa pembeni na mstari mwekundu chini ya sentensi.

Mwisho kuna kuomba mwenyewe. Sheria yao ya uhuru wa taarifa, FOIA, ilisainiwa 4 Julai 1966, na huhitaji kuwa raia wa Marekani kuitumia, ila idara za ujasusi hazijibu maombi ya serikali za nje wala wawakilishi wao, kwa hiyo omba kama wewe. Usiandike "naomba kila kitu kuhusu Kongo", utarudishiwa. Andika telegramu fulani, kutoka kituo fulani, kati ya tarehe fulani na fulani, na taja hati iliyokwishatolewa inayoirejea, hilo la kurejea ndo linafungua milango maana hawawezi kusema hawaijui. Sheria inasema siku 20 za kazi, jiandae kusubiri miezi au miaka. Barua ikirudi inasema hawathibitishi wala hawakani kwamba kitu hicho kipo, hilo ni jibu lao maalumu lililozaliwa miaka ya sabini kwenye kesi ya meli ya Glomar, na sio ushahidi wa upande wowote, usiliandike kwenye daftari kama ndio. Ukinyimwa una siku 90 za kukata rufaa, kata. Na kama hati unaijua kwa jina na tarehe, omba badala yake mapitio ya lazima ya kuondoa usiri, kwa hati moja moja njia hiyo huwa nzuri kuliko FOIA, hasa kwa zile zilizoko kwenye maktaba za marais.

Kila unachokipata kidaunlodi siku hiyohiyo, kipe jina lenye nchi, tarehe ya hati na siku ulipoichukua, kwa sababu tovuti hizi zinapangwa upya na linki ya mwaka jana inakufa. Mimi faili la Kongo nililipoteza nusu yake hivyo, ikabidi nianze kutafuta telegramu moja moja upya kutoka Julai 1960.